Mwenyekiti Aliyetaga Mayai

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu, na wewe mwalimu wetu wa baiolojia ambaye leo tumekusanyika kukuaga: nawasalimu nyote kwa heshima. Nawasalimu pia wale walioko meza kuu chini ya kitambaa cha kijani, ambao hatukuwaomba wasimame kwa sababu wao wakisimama huruka.

Kabla sijaendelea, naomba niondoe wasiwasi. Tangu tuingie ukumbini, wageni wa meza kuu wamekuwa wakikitazama kitambaa hicho kwa hamu kubwa, na Mheshimiwa Mwenyekiti aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, ni ya vanila au ya chokoleti?" Niliona haya kumjibu. Sasa najibu. Mheshimiwa, ile si keki. Keki ipo jikoni kwa mpishi. Chini ya kitambaa wako vyura.

Tafadhali kaeni. Tangi lina kifuniko, na kifuniko kina komeo.

Mimi ni katibu wa Klabu ya Vyura. Wenzangu wamenituma kufanya mambo mawili: kumuaga mwalimu wetu anayestaafu, na kuomba kitu kimoja. La kwanza limo katika ratiba. La pili halimo, lakini nitaliomba kwa adabu.

Mwalimu, unalijua jina tunalokuita ukiwa umetupa mgongo, kwa sababu mwaka jana uligeuka ghafla. Tunakuita Mzee Unyevu. Wageni wanaweza kudhani ni utovu wa heshima. Ninyi wageni, mngefanyaje kama mngekuwa na mwalimu ambaye kila asubuhi akiingia maabara, kabla hata ya kutusalimu, anakwenda moja kwa moja kwenye tangi, anaingiza mkono, anagusa udongo na majani, kisha anauliza darasa zima, "Unyevu?" Nasi tulitakiwa kujibu kwa pamoja, "Upo!" Kama haupo, somo halianzi. Anachukua chupa ya kunyunyizia maji, ananyunyiza polepole kama mtu anayepiga pasi shati la harusi, kisha anauliza tena.

Alitueleza sababu siku ya kwanza. Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Hunywa kwa ngozi. Rafiki yangu mmoja, ambaye tunamwita Spika kwa sababu hajui kunong'ona, akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, chura akioga ndiyo ameshakunywa chai?"

"Ndiyo," mwalimu akasema. "Na wewe ukimshika kwa mikono iliyopakwa losheni, umemtilia losheni kwenye chai."

Wazazi wetu, tangu siku hiyo watoto wenu wa zamu ya vyura waliacha kupaka mafuta mikononi. Mliwaona wakienda shule wamepauka kama waliolala kwenye unga. Najua majirani walisema mengi. Leo nawasafisha majina mbele ya Bodi: mafuta nyumbani yalikuwepo. Watoto walikuwa kazini.

Mengine pia tulifundishwa. Maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, na dawa hiyo inamchoma chura, kwa hiyo tunayaacha kwenye ndoo iliyo wazi mpaka kesho yake. Tangi halioshwi kwa sabuni hata kama linanuka. Chura hashikwi kwa kupendwa, anapendwa kwa kuachwa. Tena chura hali chakula kilichotulia. Ukimwekea nyama mbele yake ataitazama kama mtu anayesubiri basi. Lazima kitu kitembee ndipo ajue kuwa ni chakula. Hilo la mwisho naomba mlikumbuke, maana nitalirudia.

Ndiyo sababu tulifuga nyenje, na mama yangu, ambaye amekaa pale safu ya tatu na ameanza kutikisa kichwa, anajua gharama yake. Siku moja kopo langu lilifunguka nyumbani, nyenje wote wakahamia nyuma ya kabati la vyombo wakaimba. Bibi yangu akasema, "Jamani, zimeni hiyo redio, haishiki stesheni." Baba akajibu, "Mama, redio iliharibika tangu mwaka juzi." Wakatazamana. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Hata mlinzi wetu wa getini aliingiwa na moyo. Alisikia mwalimu akisema angependa siku moja kumfuga salamanda, mnyama mwenye umbo kama la mjusi lakini mwenye ngozi laini na mbichi kama ya chura. Kesho yake mlinzi akaja na boksi la viatu na tabasamu. Mwalimu alifungua, akaangalia kwa muda mrefu, akasema kwa upole, "Asante sana, ndugu yangu. Huyu ni mkavu. Mrudishe ukutani kwenye taa yake."

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi mnalijua kwa nusu. Mheshimiwa Mwenyekiti, tangi hilo ulitupatia wewe. Lilikuwa la samaki ofisini kwako, samaki wakafa, ukasema liende likasaidie elimu. Kwa shukrani tulimpa jina lako la cheo chura aliye mkubwa kuliko wote. Yule mdogo anayepiga kelele kila kengele ikikaribia tukamwita Karani. Yule wa katikati hatukukubaliana, kwa hiyo anaitwa Yule wa Katikati.

Karani alikuwa akiita mchana kutwa. Mwenyekiti hakutoa hata mlio. Tulikuwa na wasiwasi. Mwalimu akatutuliza akasema, "Kiongozi mwenye heshima huwaachia wengine wapige kelele." Tukaandika kwenye madaftari.

Asubuhi moja Spika alikuwa wa kwanza kufika maabara. Alichokiona kwenye maji kilimtoa mbio korido nzima ya madarasa akipaza sauti, "Mwenyekiti ametaga! Njooni mwone, Mwenyekiti ametaga mayai!"

Siku hiyo, ndugu wageni, ndiyo siku ambayo Mheshimiwa alikuja kumtembelea Mwalimu Mkuu. Walikuwa ofisini wanakunywa chai. Mlango ulikuwa wazi.

Mwalimu Mkuu akatoka mbio. "We mtoto! Nani ametaga?"

"Mwenyekiti, mwalimu!"

"Mwenyekiti yupi?"

"Yule mnene, mwalimu! Yule anayekaa tu kwenye maji hafanyi kitu!"

Tulisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

Mzee Unyevu akafika akiwa bado na chaki mkononi. Angeweza kumlaumu Spika. Angeweza kukimbia, kama sisi tulivyofanya. Badala yake alimwinamia Mheshimiwa akasema, "Mzee, kosa ni langu. Madume ndio wanaoita, majike hukaa kimya na huwa wakubwa zaidi. Nilijua, ila nilidhani huyu ni dume mwenye heshima. Karibu uone watoto wako." Na Mheshimiwa, hili nalisema kwa kukusifu wala si kwa kukuchokoza, uliinuka ukaenda, ukachungulia mayai yale yaliyofanana na shanga za ute, ukauliza, "Yatatoka mangapi?" Hukuuliza tena mengine. Moyo wako ni mpana.

Mayai yalitoka viluwiluwi, na viluwiluwi hula mboga iliyochemshwa ikalainika. Mpishi wetu alikuwa ameapa kwamba hao wadudu wasikanyage jikoni kwake. Baada ya wiki moja alikuwa anawatengea mchicha kwenye bakuli lao peke yao. Alituambia, "Hawa wanakula mboga yangu hawasemi haina chumvi. Ninyi mngejifunza."

Lakini Mwalimu Mkuu hakufurahi. Aibu ya mgeni rasmi ni aibu yake, na tunamwelewa. Siku ile ile ya mayai alitangaza mstarini: siku mwalimu wa baiolojia atakapostaafu, vyura nao watastaafu. Kona yao ya dirishani itawekwa mashine ya fotokopi.

Siku hiyo ndiyo leo.

Vyura hawa watakwenda wapi? Mwalimu angewachukua, lakini anahamia kwa binti yake, ghorofa ya nne, na binti yake, dada yetu nesi aliyekaa pale mwenye kilemba cha bluu, alimwambia kwa simu mbele yetu sote, "Baba, nakupenda. Chagua: mimi au wao." Mwalimu akageuka akalitazama tangi. Dada akasema, "Baba, mbona unafikiria?"

Wengine wametushauri tuwamwage tu mtaroni, ni vyura, watajua pa kwenda. Hawatajua. Wamezoea chakula kiletwe mbele yao. Tena mwalimu ametufundisha kwamba mnyama aliyefugwa ndani anaweza kubeba ugonjwa akawapelekea wenzake wa mtoni ambao hawajawahi kuuona. Ukishamchukua chura ukamfuga, umemchukua mpaka mwisho. Hakuna kustaafu.

Mwalimu Mkuu, naomba sasa nizungumze nawe, nami natanguliza samahani.

Muhula uliopita ulipofungwa, mwalimu wetu alilazwa hospitali kwa ajili ya goti lake. Shule ilikuwa likizo. Spika na mimi tulikuwa zamu, tukaja na kopo la nyenje. Tulipokaribia maabara tukakuta mlango uko wazi kidogo. Tukadhani ni mwizi, tukachungulia.

Ulikuwa umepiga magoti sakafuni, umevaa suti, tai umeitupa begani ili isilowe. Mkononi ulikuwa na uzi kutoka darasa la ushonaji, na mwisho wa uzi umefunga kipande kidogo cha nyama. Ulikuwa unakitembeza mbele ya pua ya chura, kinapanda, kinashuka, kinakwenda kushoto. Na ulikuwa unambembeleza kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia mstarini: "Kula basi, Mwenyekiti. Kula mama. Mwenzio yuko hospitali, na wewe usinitie mashaka."

Akala.

Nawe ukasema, "Ahsante." Kisha ukachukua chupa, ukanyunyiza, ukagusa udongo, ukauliza peke yako, "Unyevu?"

Spika, ambaye hajui kunong'ona, siku hiyo alinong'ona. Aliniambia, "Twende, tusimharibie." Tukaondoka kwa ncha za vidole.

Njiani nilijiuliza, nani alikufundisha kwamba nyama lazima itembee? Hukuwahi kuja darasani kwetu. Ndipo nikakumbuka kwamba ofisi yako na maabara yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Miaka yote hii tulidhani unasikia kelele. Kumbe ulikuwa unasikiliza somo.

Sijakusema ili nikuaibishe. Nimekusema kwa sababu tulikaa klabuni tukitafuta mtu wa kumwachia vyura, mtu mzima, mwenye ufunguo, mwenye subira, anayejua kazi, tukahesabu walimu wote, tukarudi palepale kwenye uzi ule. Mashine ya fotokopi ni kitu cha maana, tunaihitaji, lakini haihitaji dirisha. Inaweza kukaa kando ya ofisi ya mhasibu, ambako hakuna jua na hakuna anayeita. Zamu tutaendelea nazo sisi, nyenje tutafuga sisi, na mama amekubali, mradi kopo liwe la chuma. Tunachokuomba ni kona ile ile, na mtu wa kuuliza swali kila asubuhi.

Mimi ningependa siku moja niwe daktari wa wanyama. Sijui kama nitafika. Najua tu nilianzia pale dirishani.

Naomba sasa nifunue kitambaa. Huyu ni Karani, anayevimba shingo. Huyu ni Yule wa Katikati. Wale wadogo ukubwa wa kucha ni waliokuwa viluwiluwi. Na huyu, mtulivu, aliyekaa kama amesoma ratiba, ni Mwenyekiti.

Mwalimu Mkuu, hii hapa chupa. Wanafunzi wenzangu, najua mmezoea, lakini leo naomba mfunge midomo, maana jibu hili ni la mtu mmoja. Mzee wetu, uliza kwa mara ya mwisho, tafadhali. Uliza kwa nguvu, mpaka nyuma wasikie.

Asante, mwalimu. Na asante sana, Mwalimu Mkuu. Tumesikia. Mwandishi wa kumbukumbu za mkutano naomba aandike kwamba Mwalimu Mkuu, mbele ya Bodi na wazazi, ametamka, "Upo."

Mzee Unyevu, hicho unachofutia macho ni kitambaa cha vyura, lakini usijali, hakina sabuni. Goti lako lipone. Ghorofa ya nne ukiichoka, kona yetu unaijua. Dada nesi, asante kwa kutuazima baba yako miaka yote hii, sasa tunakurudishia, akiwa peke yake, kama ulivyoagiza.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu na kutokimbia. Wanaopenda kumsalimia Mwenyekiti wapange foleni upande wa dirisha, wasiguse, na waliopaka losheni wasimame mbali. Wanaopenda kumsalimia Mwenyekiti wa Bodi wapange foleni upande wa keki. Tafadhali sana, msichanganye foleni.