Honi Kabla ya Geti

Baba Paroko, wazee wa mtaa wa reli, mama zangu mlioko chini ya turubai, na nyie mliosimama juani kwa sababu viti vimeisha, shikamooni, mjomba Anto ndiye alitakiwa asome hii karatasi ila sauti imemkauka tangu jana, kwa hiyo nasoma mimi, Jenita, mtoto wa Jesinta, na nikikosea tarehe bibi yuko hapa pembeni ya sanduku la barafu alimolazwa babu, atanirekebisha, tumechoka wote, sitawaweka sana.

Marehemu babu yetu Adaikalam, mwana wa Chinnappan, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1944, siku ya mwaka mpya wetu wa Kitamil, hapa hapa Ponmalai, Trichy, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya pili kutoka mnara wa maji, mtoto wa kwanza na wa kiume peke yake, nyuma yake wadogo zake wa kike watatu, baba yao akiwa mfua chuma kwenye karakana ya injini.

Alianza shule ya parokia mwezi Juni 1950, akaenda vizuri mpaka darasa la kumi, hesabu anaziweza, kukaa kitini hakuwezi, na mwezi Novemba 1959 baba yake akafariki kwa kifua, shule ikaishia hapo, akabeba mizigo stesheni mpaka tarehe 3 Agosti 1963 alipochukuliwa na reli kama mwosha injini, mwaka 1967 akawa mtia makaa, mwaka 1976 akawa dereva wa treni kamili, na katikati ya hapo akaozesha wadogo zake, mmoja 1966, mmoja 1970, mmoja 1977, ndiyo maana yeye mwenyewe kaoa ana miaka thelathini na mitano, si kwamba alikuwa na kasoro, kama walivyokuwa wanasema watu fulani ambao leo wamekuja na tumewapa chai.

Sasa inafika ile sehemu, najua mnaijua, mkitaka kuguna guneni, lakini siwezi kusoma maisha ya babu nikaruka sinema, maana kitu alichokitaka hapa duniani, ukiacha pumzi siku za mwisho, kilikuwa kimoja tu, watu waamini kwamba alikuwemo mle ndani.

Mwezi Mei 1978 watu wa sinema kutoka Madras walikodi treni moja na kipande cha reli ya upande wa Arantangi kwa siku kumi na moja, picha inaitwa Gari Lisilosimama, majambazi wanamuua dereva, treni inakimbia peke yake, ndani yuko binti kavishwa sari ya harusi anapelekwa kwa mwanaume asiyemtaka, juu ya paa yuko stelingi anapigana huku anamwimbia, na reli wakaambiwa watoe dereva mmoja asiye na makuu, wakamtoa babu.

Kazi yake ilikuwa kuendesha treni ambayo haina dereva, yaani aendeshe na asionekane, kwa hiyo alilala chali kwenye sakafu ya injini, juu ya vumbi la makaa, mwezi Mei, tanuri liko miguuni, mkono wa mvuke kaufunga kamba anauvuta kwa chini, na mwenzake Dasan, mtia makaa, amelala upande wa pili anasukuma makaa kwa koleo kama anamlisha mamba, siku kumi na moja, na kila mara dairekta, Bwana Ilango, anapiga kelele kwenye spika kutoka kwenye gari la kamera linalokimbia sambamba.

"Dereva, kichwa! Nimeona nywele!"

"Nimelala, bwana!"

"Basi lala zaidi!"

Siku ya mwisho, tarehe 22 Mei, saa tisa alasiri, ilibaki picha moja, treni inapita geti namba 41, pale barabara inapokata reli, behewa la mwisho likiwaka moto, behewa lilikuwa moja tu la kuchomwa, kwa hiyo hakuna kurudia, wakaliwasha, wakaondoka, babu yuko chini, kwenye upenyo wa mbao anaona mbingu na ncha za miti basi, akaona kilele cha mkwaju mkubwa, na chini ya ule mkwaju kila dereva wa njia ile anajua kuna nini, kuna kibao cha honi, mita mia sita kabla ya geti, ukikiona unapiga, hakuna mjadala, na babu mkono ukapanda wenyewe, akavuta.

Dasan akamwambia, "Umefanya nini?"

Babu akasema, "Kibao."

Treni ilivyosimama dairekta alikuja mbio mpaka kiatu kikamtoka, "Nani kapiga honi? Gari halina dereva wewe! Limepigaje honi?"

"Bwana, kuna kibao pale."

"Kibao gani?"

"Cha honi. Kabla ya geti."

"Getini kuna mtu?"

"Hakuna."

"Mbuzi je? Kuku?"

"Hakuna, bwana. Ila kibao kipo."

Behewa lilishakuwa majivu, picha ikabaki hivyo hivyo, honi ndani, na ukiangalia vizuri mkono mweusi unachungulia juu ya mbao kidogo sana halafu unapotea, na Januari 1979 sinema ilipotoka watu walikuwa wanapiga miluzi wakifika pale, wengine wakasema ni roho ya dereva aliyeuawa, wengine wakasema ni Mama Maria anaiongoza treni, hakuna hata mmoja aliyesema ni Adaikalam wa safu ya pili, na kule stesheni wenzake wakampa jina la Hayupo, "Hayupo, umekula?", "Hayupo, leo unalala au unakaa?", mkataba wa sinema ukaandika dereva asitajwe ili watu wasijue kuna dereva, basi hakuna karatasi, na Dasan naye akafariki 1995, hakuna shahidi.

Kuhusu ndoa, mwezi Februari 1979 babu alipelekwa kumwona binti wa mzee Rayappan, mlinzi wa geti kule upande wa Manapparai, mzee ambaye alikaa kwenye geti lake miaka ishirini na miwili bila kusinzia, na babu kwa sababu ya woga akaanza kujisifu, akasema ile treni ya sinema niliiendesha mimi, mzee akamwangalia kuanzia viatu.

"Ile treni haina dereva," mzee akasema. "Nchi nzima imeona."

"Nilikuwa nimelala chini, baba."

"Ulilala kazini?"

"Ndiyo. Hapana. Nilikuwa nimelala huku naendesha."

Mshenga akaanza kutafuta ndara zake, maana mzee Rayappan alikuwa anasamehe umaskini, uongo hasamehi, ndipo bibi Pakiam, alikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa, na alishaiona ile sinema mara mbili kwenye hema, akasema kwa sauti mpaka shangazi yake akamfinya.

"Baba, kama halina dereva, limejuaje kuna geti?"

Mzee miaka ishirini na miwili ya geti ikamzunguka kichwani, halafu akamwambia babu maneno yale yale aliyokuwa anayasema kwenye simu ya stesheni kila siku, "Geti limefungwa, njia nyeupe, pita," na ndiyo ilikuwa ruhusa, wakafunga ndoa tarehe 7 Mei 1979 katika kanisa hili hili, bibi anatikisa kichwa, tarehe iko sawa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, mjomba Anto tarehe 19 Julai 1980, na mama yangu Jesinta tarehe 2 Februari 1983, na wajukuu watano, na babu aliendesha mvuke mpaka mvuke ukaisha, akaendesha dizeli, akastaafu tarehe 30 Aprili 2004 bila kumgonga mtu hata mmoja, ng'ombe wawili tu, na wote wawili anasema walijitakia.

Tangu astaafu kila sinema ile ikionyeshwa kwenye televisheni ilikuwa lazima tukae, una njaa unakaa, una mtihani unakaa, anaingoja treni ifike kwenye mkwaju, ananyanyua kidole, anasema "sasa," honi inalia, halafu anatugeukia sisi kama kaipiga muda ule ule, na sisi tulikuwa tunamtania, nasema hapa mbele yake, mjomba alikuwa anasema ule mkono ni tambara limepeperuka, mimi nikasema ni bawa la kunguru, bibi peke yake ndiye hakuwahi kucheka.

Kuugua kwake kulianza Novemba 2022, mapafu, daktari alisema ni makaa ya zamani yanadai, akawa wa kuingia na kutoka hospitali, kuanzia Agosti mwaka jana akawa wa kitandani na mashine ya hewa, na Januari mwaka huu, sikukuu ya mavuno, wakatangaza Gari Lisilosimama inarudi imesafishwa, picha mpya, sauti mpya, tukamwinua na mito mitatu, majirani wakajaa mpaka barazani, treni ikafika kwenye mkwaju, babu akanyanyua kidole, akasema "sasa."

Hakukuwa na kitu.

Walioisafisha waliona honi kwenye treni isiyo na dereva ni kosa, wakaifuta, wakaweka ngoma, na ule mkono wakaufuta pia, treni imepita getini tupu kabisa, na kidole cha babu kiko juu bado, hakuna aliyejua aangalie wapi, akasema "zima," tukazima, na kuanzia siku ile hakuisimulia tena, hata muuguzi alipomwuliza alikuwa anafanya kazi gani alisema reli, basi, na chakula akawa anakisogeza pembeni, akamwambia bibi, "Sasa kweli sikuwepo."

Nilitafuta ile ya zamani, kanda ya mjomba imeota ukungu, mtandaoni iko hiyo hiyo mpya, hema lile la sinema siku hizi ni ukumbi wa harusi, nimezunguka miezi mitatu, mwisho nikakumbuka karakana yetu hapa bado wanatengeneza zile injini za mvuke za milimani, na wakizijaribu wanapiga honi, basi mwezi Mei nilisimama nje ya ukuta siku nne na simu mkononi, ya nne ikalia, nikairekodi, nikaenda kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, nikaikata, nikaibandika kwenye ile picha mpya pale pale kwenye mkwaju, na tarehe 25 Mei, Jumapili, baada ya misa, nikamwambia nimeipata ya zamani, nilimdanganya, nasema ukweli.

Aliangalia, hakunyanyua kidole, honi ikalia, akafumba macho.

"Huyu kasimama," akasema.

"Nani, babu?"

"Aliyepiga. Kasimama wima, mkono umenyooka, honi imetoka nzima. Mimi nilikuwa nimelala, mkono haukufika vizuri, yangu ilikatika katikati." Akavuta hewa kwanza. "Hiyo si yangu, mama."

Nikasema nisamehe babu, nikataka kuzima simu, akanishika mkono.

"Umeiweka kwenye kibao lakini?"

"Kwenye mkwaju, babu. Pale pale."

"Basi iache," akasema. "Geti limepata honi yake."

Halafu akamgeukia bibi, akamwambia, "Pakiam, ile yangu ilikatika, si ndiyo?", bibi akasema, "Ilikatika katikati, mimi nilidhani umeungua," babu akacheka mpaka mashine ikaanza kulia, akaomba vitumbua vya idli na sukari, akala viwili, na jioni muuguzi alivyokuja akamsimulia yote kuanzia siku ya kwanza, dada wa watu akapitiliza zamu.

Babu alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, nyumbani, bibi kamshika mkono ule wa honi.

Familia inawashukuru madaktari wa hospitali ya reli na muuguzi Filomina, majirani wa safu ya pili mliotupikia siku mbili hizi sisi hatuna nguvu hata ya kuosha sufuria, wastaafu wenzake mliokuja na magongo na mkamwita Hayupo mpaka pale mlipombusu paji la uso, vijana wa ngoma, Baba Paroko, na fundi mmoja ndani ya ukuta wa karakana ambaye simjui jina, aliyepiga honi na hajui aliipiga kwa ajili ya nani.

Babu, nywele hazionekani, hakuna anayekupigia kelele ulale zaidi, na hawa wote waliosimama juani wanajua ulikuwemo, geti limefungwa, njia nyeupe, pita taratibu, upumzike kwa amani.