Mpishi Aliyeokoa Timu: Maisha ya Hosiana Kaduma (1959–2025)

Kila siku kabla hakujapambazuka, Bibi Hosiana Kaduma alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya dirisha la jiko, kikombe cha chai ya rangi mkononi, akisubiri. Wasichana wa timu ya netiboli ya chuo walipita nje wakikimbia mchakamchaka, pumzi zao zikitoka kama moshi kwenye baridi ya Makambako. Wa mwisho akishapita, Bibi aliweka kikombe chini, akainuka na kuwasha moto. Alifanya hivyo miaka yote aliyokuwa mpishi wa chuo. Alipostaafu aliendelea kufanya hivyo nyumbani kwake, ng'ambo ya uzio wa chuo hicho hicho. Sisi wajukuu wake tulijiuliza mara nyingi alikuwa akitazama nini, maana mchezo wenyewe hakuujua.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Desemba 1959 katika kijiji cha Mtwango, Njombe, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Yohana Mwalongo na Mama Matilda. Alibatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Kilutheri. Wazazi wake walilima viazi na mahindi, na kwa desturi ya kualikana shambani, nyumba iliyoalika ililisha kila aliyekuja na jembe. Kwa hiyo akiwa na umri wa miaka kumi tayari alijua kupika chungu cha watu thelathini. Chakula cha watu wawili, alisema mwenyewe, kilimshinda hadi uzeeni.

Alisoma Shule ya Msingi Mtwango kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 alipomaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kuendelea, lakini hakuacha kusoma. Akinunua vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti, vitumbua alitugawia sisi, yeye akabaki na gazeti. "Habari imekatika hapa," alilalamika siku moja. "Sasa nitajuaje kama mwizi alikamatwa?" Kesho yake alirudi kwa muuza vitumbua kuulizia kipande cha pili. Hakukipata. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akiulizia habari za mwizi yule.

Jumamosi tarehe 10 Oktoba 1981 alifunga ndoa na Bwana Elius Kaduma, fundi wa reli katika stesheni ya Makambako, wakahamia huko. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza akiwa Filemoni. Bwana Elius alitangulia mbele za haki mwaka 2009.

Mwaka 1990 marehemu aliajiriwa kuwa mpishi katika chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya mji, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2019. Katika miaka hiyo yote uji wa asubuhi ulichelewa siku moja tu, Alhamisi tarehe 7 Juni 2018. Wanafunzi walifika bwaloni wakakuta moto haujawaka na mpishi yuko dirishani.

Aliacha jiko akaenda bwenini kuuliza. Nahodha wa timu, Anjela, binti wa wavuvi kutoka Ludewa, alikuwa kitandani amejifunika blanketi hadi kichwani.

"Hamkukimbia leo."

"Tukimbilie wapi, Bibi? Timu imekatwa kwenye bajeti. Jezi wanawapa shule ya msingi."

"Wewe unaumwa?"

"Siumwi. Nafunga mizigo. Hesabu sizijui, rafiki sina. Kilichokuwa kinanishikilia hapa ni ile timu."

Marehemu alikwenda moja kwa moja ofisini, aproni ikiwa bado kiunoni. Mkuu wa chuo, mtu mpole, alimweleza kwamba fedha za michezo hazikuja. Hakukuwa na gari wala chakula cha kwenda Iringa kwenye mashindano ya vyuo, na timu isiyosajiliwa hadi Jumatatu ingefutwa.

"Na ikifutwa inarudi lini?" aliuliza.

"Mama Filemoni, kitu kikitoka kwenye bajeti hakirudi. Hii siyo uji, kwamba utaongeza maji."

"Nikileta gari na chakula, utasaini?"

"Lete. Nitasaini hata kwa mkono wa kushoto."

Jioni hiyo aliwatumia ujumbe akina mama wa kanisani: Jumamosi saa tatu njooni chuoni na unga, maharage na kuni, tupike. Hakueleza sababu. Hadi leo hatujui kama alisahau au alikusudia, na kila alipoulizwa alianza kuzungumzia habari nyingine. Kwetu mama akiitwa aje na unga na kuni haulizi kwa nini. Anajifunga kanga, anakwenda, na njiani anawaambia wengine.

Jumamosi tarehe 9 Juni asubuhi, barabara ya chuo ilijaa akina mama wenye ndoo za unga kichwani. Mama Devota, jirani yake, alianza kulia tangu stendi. Mzee Hilario, mwenye Kosta, alifika na gari lililooshwa hadi matairi. Fundi seremala Lenard alishusha mbao getini, futi kamba mkononi, akaomba kwa sauti ya chini aelezwe aliyefariki alikuwa na urefu gani.

"Nani ametutoka?" Mama Devota aliuliza, machozi yakimtiririka.

"Timu ya netiboli," alijibu marehemu, akiendelea kukoroga.

"Imekufa?"

"Bado. Inazikwa Jumatatu. Nimeona tuwahi."

Mama Devota alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hosiana! Mimi nimelia bure kutoka stendi hadi hapa?"

"Hujalia bure, mwenzangu. Weka unga pale, kando ya maharage."

Wapo waliokasirika, na ni haki kulisema hilo hapa. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia kwamba msiba hauchezewi, akaondoka bila kunawa. Jumapili iliyofuata marehemu alimfuata nyumbani kwake, akapiga magoti akamwomba radhi, na mzee akampokea. Lakini unga ulioletwa msibani haurudishwi nyumbani. Jambo hilo kila mtu alilijua, na hakuna mama aliyebeba ndoo yake ikiwa imejaa.

Mzee Hilario alizunguka gari lake mara mbili.

"Mama Filemoni, mimi hili nimelitayarisha kwenda makaburini."

"Asante sana, baba. Litakwenda Iringa."

"Na dereva?"

"Ameshakula sahani mbili. Muulize kama atakataa."

Watu walicheka, na Mzee Hilario mwenyewe akacheka. Fundi Lenard alitazama mbao zake, akasema hawezi kuzipandisha tena mlima. Akaomba misumari, na kabla ya jua kuzama alikuwa ametengeneza mabenchi manne ya kando ya uwanja. Jumatatu asubuhi mkuu wa chuo alisaini. Wanaosimulia wanasema alitumia mkono wa kushoto.

Timu ilikwenda Iringa na mpishi wake, ikawa ya tatu kati ya vyuo sita. Wapinzani walipofunga, marehemu alisimama akapiga makofi.

"Bibi, hao siyo sisi!" Anjela alimpigia kelele kutoka uwanjani.

"Nawaona. Na wao si wamekimbia?"

Tangu mwaka huo, kila mwezi wa Juni akina mama wa Makambako hupeleka unga na maharage chuoni, siku hizi wakijua sababu. Timu haijakosa mashindano hata mara moja. Mwalimu Anjela alimaliza masomo yake, sasa anafundisha Ludewa, na yuko nasi hapa leo. Mabenchi waliyokalia wazee wetu pale mbele ndiyo yale ya fundi Lenard. Juzi fundi alileta mbao tena, na safari hii hakuna aliyecheka alipotoa futi kamba.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikagundulika kwamba figo zake zimechoka. Mwezi Julai mwaka huu alilazwa katika hospitali ya Ikonda, Makete, ambako alihudumiwa kwa upendo mkubwa, nasi tunawashukuru wote waliomuuguza. Kila alfajiri wodini alifumbua macho akauliza, "Wamepita?" Tukamjibu kwamba madaktari watapita saa mbili. Alitikisa kichwa, akageukia dirisha. Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, alitwaliwa na Bwana.

Ameacha watoto watatu, Filemoni, Jenifa na Masumbuko, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, dada yake Dorosela, na wasichana kumi na wawili waliovaa jezi, ambao leo asubuhi, bila kuombwa na mtu, walikimbia wakapita mbele ya dirisha lake. Mungu aliyempa mikono ya kulisha wengi ampe sasa kigoda cha kupumzikia, na mwanga wake usimzimikie.

Wiki moja kabla hajafariki, mimi, Ida, mjukuu wake ninayesoma wasifu huu, nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba kwa miaka saba. Nilimuuliza kwa nini alihangaika hivyo kwa ajili ya mchezo ambao hakuujua hata anayefunga ni nani. Alifikiri kidogo, kama anayetafuta kipande cha gazeti kilichopotea.

"Saa sikuwa nayo, mjukuu wangu," alisema. "Wale wakipita, ndipo nilipojua kumekucha."