Hapana Mbili za Hoja W

Mwezi Juni bonde zima la California hukaangika, na saa kumi na mbili jioni jua huwa bado linachoma. Ofelia Quintero alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya duka la donati pale Tres Pozos, bahasha ya kura aliyoijaza nyumbani ikiwa mapajani, imeshafungwa na kutiwa sahihi. Kijiweni wanamwita Breki, maana aliendesha basi la shule miaka ishirini na minane, na abiria wake hawajasahau namna alivyokuwa akizikanyaga. Kulia kwake alikaa Armen Bedrosian, mkulima wa zabibu, ambaye hata mkewe humwita Zabibu. Kushoto, Lyle Haskett, aliyesambaza barua mpaka akastaafu: huyo ndiye Posta. Sanduku la kura lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mwisho wa kupiga kura ulikuwa saa mbili. Kisima cha Ofelia kimekauka tangu Agosti iliyopita. Anaoga kwa maji ya mapipa kutoka kanisani.

— Nikimaliza kikombe hiki naenda kuitumbukiza, alisema Ofelia. Hoja kumi na tano za jimbo zima, zile za Ndiyo au Hapana, nimebahatisha. Lakini Hoja W, hii ya maji ya kaunti yetu, hiyo nimepiga kwa moyo wangu wote.

— Umepigaje? aliuliza Posta.

— Hapana. Wazuiwe hao wenye mashamba wanaonyonya maji yetu. Na Zabibu naye kapiga Hapana, ingawa ana pampu mbili. Nilimpelekea tamale za mahindi kwa ajili hiyo.

Zabibu alikuwa akipuliza kahawa ambayo ilishapoa.

— Zilikuwa tamu, alisema.

Posta alitoa vipeperushi viwili mfukoni.

— Sasa mbona mimi sielewi? Hiki kinasema, Okoa Maji Yetu, Piga Hapana. Na hiki, Linda Maji Yetu, Piga Ndiyo. Na picha ni ileile, kabinti kanakunywa maji!

— Hako kabinti kamelipwa mara mbili, alisema Zabibu.

— Usicheke. Kuna mtu kaajiriwa kuandika haya mambo yasieleweke. Ana ofisi, ana kiyoyozi, anakaa hapo anatusokota.

— Posta, umeanza.

— Nimeanza? Mimi nakwambia W yenyewe si bahati mbaya! Igeuze chini juu, inakuwa M. Nusu ya wazee wa hapa watakuwa wanapigia M!

— Hakuna M mwaka huu, alisema Ofelia.

— Ndiyo maana! Wameificha! Na maji yenyewe mnayogombania hayapo, yalishauzwa kitambo. Yanapita chini kwa chini mpaka kwenye mabwawa ya kuogelea ya Los Angeles.

Ofelia alicheka kidogo tu. Vile vipeperushi viwili vilikuwa vimeanza kumtia homa.

Hapo alitoka Mey, mwenye duka. Alilinunua majira ya kuchipua yaliyopita, na hakuwahi kukaa na wale watu hata siku moja. Alikuwa na kitabu cha maelezo kwa wapiga kura, kimejaa mistari ya kalamu nyekundu. Hii ilikuwa kura yake ya kwanza tangu awe raia.

— Samahani, wazee wangu. Nataka kuvuka kwenda kwenye sanduku, lakini naogopa nimesoma vibaya. Nisomeeni hapa.

— Soma wewe mwanangu, macho yetu yamezeeka, alisema Posta.

Mey alisoma polepole, kidole kwenye mstari:

— "Je, uamuzi wa Baraza la Kaunti wa kuondoa ukomo wa kuvuta maji ya visima vya mashamba ubatilishwe?"

Posta alivitazama tena vipeperushi vyake.

— Rudia, alisema Ofelia.

Mey alirudia.

— Baraza liliondoa ukomo, alisema Ofelia, akihesabu kwa vidole kama anayehesabu watoto ndani ya basi. Ukibatilisha kuondoa... ukomo unarudi. Kwa hiyo anayetaka ukomo anasema...

— Ndiyo, alisema Mey. Na Hapana ni wavute watakavyo. Ndivyo nilivyoelewa.

— Hapana! Zabibu aliniambia! Wiki iliyopita, hapahapa. Zabibu, si ulisema Hapana ndiyo inayowazuia?

Zabibu alitazama barabara.

— Maneno yamekaa vibaya, Breki. Mtu yeyote anaweza kuchanganya.

Mey alimgeukia bila ubaya wowote. Alitaka kujua tu.

— Mzee, nimesikia dirishani kwamba una pampu mbili. Ulipopiga Hapana, ulikuwa unajizuia au unajiachia?

Zabibu aliweka kikombe chini.

— Mizabibu aliipanda baba yangu, alisema hatimaye. Wakiniwekea ukomo, nusu inakufa.

— Sikukuuliza kuhusu baba yako, alisema Ofelia. Naoga kwa ndoo, Armen. Ndoo!

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita Armen.

— Hujaitumbukiza bado, Posta aliwahi. Ipeleke maktaba ya Orland Creek, kwenye kituo cha kura. Wataifuta, watakupa karatasi mpya. Lakini ni maili kumi na mbili, na gari langu lipo gereji.

Ofelia hakuwa na gari tena. Saa ya dukani ilionyesha saa moja kasorobo. Alisimama, akageuka huku na huku kama aliyepotea mtaani kwake.

Zabibu alitoa funguo.

— Panda.

— Kura yako iko wapi?

— Niliitumbukiza asubuhi.

Walikwenda maili zote kumi na mbili kando ya mizabibu, wamekaa mbele kwenye pikapu yake, bila redio. Mbele ya maktaba Ofelia aliuliza:

— Yule mwenye duka asingeuliza, ungeniambia?

Zabibu alizima injini.

Ndani, mwanamke wa zamu aliipokea bahasha, akaipiga mhuri wa kuifuta.

— Ulikosea wapi, mama?

— Nilimuuliza rafiki.

Ofelia aliisoma ile sentensi kwenye karatasi mpya mara tatu kwa sauti ya chini, akaweka alama kwenye Ndiyo, akaitumbukiza.

Alipotoka, gari lilikuwa bado pale, mlango wa mbele umefunguliwa kumsubiri. Ofelia aliufunga. Akapanda nyuma, akakaa juu ya makreti matupu ya zabibu, akagonga paa mara mbili kumwambia aondoe gari.