Mama Idhini: Miaka Kumi na Miwili ya Kupiga Hodi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, mtunzaji mkuu wa mikanda katika maktaba yetu ya filamu atakabidhi funguo za chumba baridi inamotunzwa, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake. Kwetu sisi ni Mama Idhini, na hata mkurugenzi akijisahau humwita hivyo mbele ya wageni.

Alianza akiwa karani wa lebo, kwenye meza ya chuma karibu na mlango. Kufikia mwaka wa tano aliutambua mkanda unaoanza kuoza kwa kuunusa tu, maana filamu ikiugua hutoa harufu ya siki. Pua yake ilimponza siku moja tu, alipotufungulisha makopo sitini tangu asubuhi, kumbe siki ilikuwa kwenye saladi ya mhasibu. Mhasibu hadi leo anakula chakula chake nje.

Rafu aliyoipenda kuliko zote ni ya filamu za majaribio, zile ambazo watu huuliza zinaanza lini wakati zimeshakwisha. Ipo moja ya birika likichemka kwa dakika kumi na nane. Kwa mwaka mzima watazamaji wa rafu ile walikuwa hawafiki kumi, na wawili kati yao walikuja kujikinga mvua. Jambo hilo lilimkera kweli kweli.

Ndipo tukapata tovuti, nami nikaajiriwa kuiendesha. Miaka kumi na miwili iliyopita aliniletea orodha ya filamu mia mbili na kumi na mbili, akataka zote ziwekwe mtandaoni, bure, kila mtu azione. Nilipouliza kama wenyewe wamekubali, alinionyesha barua aliyoitunga mwenyewe: asiyejibu ndani ya siku thelathini atahesabiwa kuwa amekubali. Barua ilikuwa safi sana. Kasoro yake ni kwamba ilikwenda kwenye anwani za miaka ishirini nyuma, nyingine za nyumba zilizokwisha bomolewa, na sisi tukaupokea ule ukimya kwa shangwe. Wiki ya kwanza filamu zilitazamwa mara elfu tisa. Tukakata keki.

Wiki ya tatu akaja mama mmoja, mshonaji, na begi lake la vitambaa. Mpwa wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu filamu ya dakika nne aliyoitengeneza enzi za usichana wake: mdogo wake wa kike anasuka nywele dirishani, anacheka, na mkanda umekatwa na kuungwa upya hata kicheko kinarudi kinyumenyume. Mdogo mtu alifariki mwaka uliofuata. Filamu aliileta kwetu ihifadhiwe isioze, si ili watu wasiomjua marehemu waandike utani chini ya uso wake. Hakufoka. Alisema tu, “Mngeniuliza.”

Mtunzaji wetu alikosa pa kuiweka mikono yake. Alimwomba radhi, kisha akaja mezani kwangu akaniambia nizishushe zote, siku hiyo hiyo. Nilibisha, na nakiri hapa kwa maandishi kwamba nilibisha vibaya: nilimwambia anawafungia mlango watu elfu tisa kwa sababu ya mtu mmoja. Akanijibu kuwa hao elfu tisa yeye pia anawataka, ila hawezi kuwakaribisha wageni kwenye nyumba ya mtu bila mwenyewe kujua. Nikazishusha huku nimenuna, na nilinuna mwezi mzima.

Kuanzia hapo akaanza kupiga hodi, kwa mmoja mmoja. Alipiga simu, alipanda mabasi, aliingia karakana na wodi za hospitali, na mara moja aliingia harusi ambayo hakualikwa, akarudi na sahihi na viatu vilivyochakaa kwa kucheza. Fundi bomba mmoja alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kutengeneza filamu. Alipoonyeshwa alilia, akasaini, halafu akatutengenezea bomba la choo. Watoto wa marehemu mmoja waligombana miaka mitatu nani asaini, naye akanywa nao chai hiyo miaka mitatu yote. Mwenye birika alikataa katakata, akashukuriwa kwa kujibu. Leo filamu mia moja sabini na moja ziko hewani, bure, kila moja na barua yake ya kweli. Arobaini wenyewe wamekataa au hawajapatikana, nazo zimelala salama kwenye baridi.

Imebaki moja. Kila mwaka alimwalika mshonaji, akamwekea ile filamu ya dakika nne kwenye chumba kidogo cha maonyesho, kisha yeye akatoka nje na kufunga mlango. Yeye mwenyewe hajaitazama tangu siku ile iliposhushwa, na ruhusa hakuwahi kuiomba. Alisema ameshaichukua mara moja bila kuuliza, hana uso wa kuuliza sasa. Sote tunajua ndiyo filamu bora kuliko zote tulizonazo. Kustaafu bila kuiona ikipata watazamaji kulimuuma, na hakutuficha.

Jumatatu iliyopita mshonaji alikuja bila kualikwa, na karatasi aliyoiandika kwa mkono: “Ionyesheni Ijumaa, mara moja, wafanyakazi wote waione. Mtandaoni, hapana kwanza. Huyu mama akae na mimi.”

Mama Idhini aliisoma akiwa amesimama, akalia mbele yetu sote. Mimi, kwa akili zangu za tovuti, nikauliza “hapana kwanza” niiandike kwenye daftari kama ndiyo au kama hapana.

“Andika alivyosema,” akanijibu.

Nimeandika. Basi wenzangu, Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, ukumbini, simu zizimwe, na viti viwili vya mbele katikati mtu asivikalie.

Mama, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kunivumilia mwezi ule. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi zenye furaha. Taa zikizimwa Ijumaa, tafadhali usinyanyuke kwenda mlangoni. Safari hii hutoki nje.