Karafuu Hazingoji Kura

Gari la Wete lilipokaribia Chake Chake, mchumaji karafuu aliyekaa mbele ya Soud alikuwa bado anajitapa. “Mwaka huu tajiri katwambia tumchague wenyewe nokoa wa kutusimamia. Tumenyoosha mikono, tukahesabiwa!”

Bibi wa kando yake, wasiyejuana naye, alimgeukia kwa hasira. “Mlitajiwa nani?”

“Wanawe wawili, Bi Mkubwa.”

“Basi kachagua yeye! Sie wanawake shambani kwetu hatukuulizwa kitu. Nokoa alipomtukana mwenzetu, tulikataa kuchambua karafuu. Karafuu mbichi, mwanangu, zikilala rundoni na vikonyo vyake zinavunda. Asubuhi yake tajiri kamfukuza nokoa. Nyie mkimchoka huyo wenu, mtamwondoaje?”

“Tutanyoosha tena mikono.”

“Na msipoambiwa mnyooshe?”

Mchumaji akatazama nje, kana kwamba jibu limepita njiani. Soud naye alilitafuta, maana shamba lile la mchumaji ndilo analochumia na yeye, na siku ile kwa furaha alinyoosha mikono yote miwili, akahesabiwa mara mbili.

Gari likasimama. Bibi akajitwika pakacha lake, akashuka bila kungoja jibu. Soud akabaki kitini, mikono yake miwili mapajani, hana la kuifanyia.