Walikuja Kutoa Makiwa, Marehemu Akawakaribisha

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana ile ya kwanza niliisema kwa woga!

Naitwa Mbeyu, binti wa Mzee Mwero, fundi wa pikipiki wa Kibuyuni. Baba yangu ni yule pale benchi la pili, mwenye shati la buluu. Mtazameni vizuri, ndugu zangu. Mtu yule mwaka huu alikufa, akaliliwa, akaletewa sukari ya msiba, na jioni akainywea chai. Nimesimama mbele yenu kumshukuru Mungu aliyenitoa katika aibu ile.

Nilikuwa kidato cha nne, shule ya bweni. Mwalimu wetu wa biolojia, Madam Zuhura, aliniita ofisini akaniambia kuna vyuo ng'ambo vinavyochukua wanafunzi kutoka huku na kuwalipia kila kitu. Akasema, "Mbeyu, nataka ujaribu." Nilitoka pale nikaenda bwenini badala ya darasani, sijui hata ninakokwenda. Mimi! Ng'ambo! Mimi ambaye Mombasa kwenyewe nimefika kwa sababu ya jino!

Lakini kulikuwa na kazi. Kwanza, insha ya kujieleza kwa Kiingereza: wewe ni nani, umetoka wapi, kwa nini unataka kusoma. Halafu barua ya mwalimu ya kukusifu, na Madam akasema hataiandika mpaka asome insha yangu.

Ndugu zangu, hesabu naziweza. Mifupa ya panya naijua kwa majina. Lakini kujieleza! Sisi tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hajitaji. Ukiulizwa habari unasema nzuri, unanyamaza. Nikaketi na kalamu nikaandika: Naitwa Mbeyu. Baba yangu ni fundi. Mama yangu analima mwani. Napenda biolojia. Nilipoisoma, ilikuwa fupi kuliko salamu za nyanya yangu wa Kinango. Nikaona haya. Nikajiambia, nani atampandisha mtu ndege kwa sababu baba yake ni fundi?

Mapumziko ya katikati ya muhula yakafika, nikarudi nyumbani na insha yangu mfukoni kama mtu aliyeficha ugonjwa. Ndipo akaja kututembelea Mjomba Tsuma, ndugu yake mama.

Mjomba Tsuma anakaa Ukunda. Amefanya kazi katika mahoteli ya Diani miaka mingi, kazi yake kuwapelekea wageni taulo pale ufuoni. Kwa hiyo jambo lolote la wazungu katika ukoo wetu hupelekwa kwake, kama vile kesi hupelekwa kwa chifu. Akaichukua karatasi yangu, akaisoma, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "hapa pana shida. Huna shida."

"Sina shida, Mjomba?"

"Huna! Umeshiba, baba yupo, mama yupo, shule unapelekwa. Mzungu akisoma haya atakwambia hongera, kaa huko huko. Nipe mimi. Nitakupigia chapa kwenye kompyuta pale Ukunda, nitainyoosha Kiingereza kidogo, nimtumie mwalimu wako moja kwa moja. Wewe pumzika."

Mimi niliposikia kunyoosha nikadhani ni kama kunyoosha shati. Nikampa. Kumbe mjomba wangu hakunyoosha, wapendwa. Alishona nguo mpya!

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu mchana mama alikuwa baharini, maji yametoka, anavuna mwani wake. Mimi nilikuwa uani nafua sare. Baba ameketi barazani kifua wazi, kikoi kiunoni, anakula muhogo wa nazi, hana habari na ulimwengu. Mara nikaona gari la shule yetu linaingia taratibu, taratibu mno, kama gari linaloogopa kuamsha mtu.

Akashuka Madam Zuhura. Akashuka naibu wa mkuu wa shule, mzee mkali ambaye hatukuwahi kuona meno yake. Wakashuka wasichana wa darasa langu waliobaki bwenini, kanga vichwani, macho mekundu. Mmoja amebeba mchele, mwingine sukari na biskuti. Mimi nikabaki na sketi ya sabuni mkononi. Nikafikiri, ni nani aliyekufa shuleni?

Baba ni mtu wa heshima. Alifuta mikono, akasimama. "Karibuni, karibuni."

Naibu akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Makiwa, mzee."

Sasa nyote mnajua adabu zetu. Mtu akikwambia makiwa, humwulizi makiwa ya nani. Utajibu kwanza, utauliza baadaye. Baba akainamisha kichwa. "Tunayo," akasema.

Wakaketi. Wasichana wakaanza kulia upya. Naibu akasema, "Tumeumia sana. Tulimheshimu mno marehemu."

Baba akaitikia polepole, "Na sisi pia."

Akanitupia jicho, kana kwamba ananiuliza, marehemu nani? Mimi nikainua mabega. Kumbe na yeye alidhani ni msiba wa shule, wamekuja kunichukua nikazike!

Naibu akakohoa. "Na mwili je, mzee? Bahari imeurudisha?"

"Mwili wa nani?"

"Wa mwenye nyumba hii."

Baba akajitazama kifua, akatazama kikoi chake, akatazama muhogo wake. "Bwana mwalimu," akasema, "mwenye nyumba hii ni mimi."

Lo! Rafiki yangu aliyebeba sukari alipiga ukelele akakimbia, akaingia kwenye kamba yangu ya nguo, akajizongazonga na shuka ya baba, akazidi kupiga kelele kwamba marehemu amemshika! Jirani yetu Bi Mwanakombo alisikia vilio. Na Bi Mwanakombo, Mungu ambariki, hangoji kuambiwa. Alitoka kwake analia tayari, akaja moja kwa moja mpaka kwa baba, akajitupa begani pake. "Jamani Mzee Mwero! Jamani! Innalillahi! Nani aliyetutoka?"

Baba akampigapiga mgongo. "Wanasema ni mimi, Bi Mwanakombo. Jikaze."

Mnacheka, ndugu zangu. Chekeni. Lakini mimi siku ile sikucheka. Maana Madam Zuhura alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaanza kusoma kwa sauti. Ilikuwa insha yenye jina langu. Ilisema baba yangu amemezwa na papa juzi hii, mbele ya macho yangu. Ilisema mama yangu ni kipofu. Ilisema nalea wadogo zangu saba. Mimi ni kitindamimba! Ilisema kila asubuhi navuka Mto Ramisi nikiogelea na mamba, vitabu kichwani. Mto Ramisi nauvuka darajani, nimeketi ndani ya gari lile lile lililokuwa limesimama uani petu!

"Mbeyu," akasema Madam, na sauti yake ilikuwa na majeraha. "Nimelia Jumapili nzima. Umeandika wewe?"

Naibu akasimama. "Hakuna barua ya sifa kwa mwongo. Twendeni."

Na siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa Jumatano! Wapendwa, nifanyeje? Nikisema ni mjomba, ataniamini nani? Na nikimtaja, nimemvunjia heshima ndugu ya mama yangu mbele ya wageni. Nikinyamaza, mimi ndimi mwongo. Nikasema moyoni, "Yesu, sasa kuna mtu anakufa kweli hapa. Niokoe!"

Hamtaamini. Sijamaliza kuomba, simu ya baba ikalia pale juu ya meza. Na simu ya baba imeharibika, ukiipokea hupaza sauti yenyewe kama redio. Baba akaipokea. Kabla hajasema lolote, sauti ya Mjomba Tsuma ikajaa uani:

"Mpe Mbeyu! Mbeyu! Mwalimu amelia? Niambie kama amelia! Pale pa papa nimekaa saa nzima, kwanza nilitaka nyangumi, nikaona nyangumi hawatamwamini! Ile ya kwako haikuwa na chumvi, mwanangu. Sikukwambia mapema nisikutie wasiwasi!"

Hata yule wa kwenye shuka alitoa kichwa nje asikilize.

Baba akaisogeza simu mdomoni. "Shemeji," akasema kwa upole.

"Ee... shemeji! Hujambo? Uko wapi?"

"Niko tumboni. Humu giza, lakini chai ipo."

Ndugu zangu, siku ile tuliyaona meno ya naibu! Alianza kama anayekohoa, mara akaegemea nguzo, mara akaketi juu ya mchele wa msiba, anajifuta machozi kwa tai. Wasichana wakacheka, Bi Mwanakombo akacheka bila kujua anachocheka. Mungu wetu ni mkuu! Alikuwa na malaika wa kutosha, lakini mimi alinitetea kwa simu mbovu!

Lakini sikilizeni. Katikati ya kicheko kile mama akatokea njia ya pwani, maji yakimdondoka, gunia la mwani kichwani. Akaona gari. Akaona kanga vichwani. Gunia likaanguka. Hakuuliza. Alikwenda mbio akinitafuta kwa macho, akaniona, akamtafuta baba, akamwona. Akamkumbatia palepale, maji na mchanga na yote. Kisha alipoelezwa alimpiga baba kwa leso mbichi, kana kwamba ni yeye aliyejiua. Halafu akaketi chini akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "kwani sisi tukiwa hai hatutoshi?"

Neno hilo liliniingia, wapendwa. Sikuwa nimeandika uongo ule. Lakini aibu iliyonifanya nitoe karatasi yangu ilikuwa yangu. Niliona haya kwa sababu baba ni fundi na mama ni mkulima wa mwani. Niliwaona wadogo. Na pale uani, mama ameloa, baba ana alama za leso mgongoni, Mungu alinifungua. Kitu kilinitoka kifuani kama mzigo unapotuliwa!

Nikamwambia Madam, "Naomba niandike sasa hivi. Mbele yenu."

Naibu akatazama saa yake. Mama akasema hakuna mgeni atakayeondoka kwake bila kula, na huo mchele ameketi juu yake nani? Ukapikwa kwa nazi. Wao wakila, mimi nikaandika. Nikaandika jinsi mwani wa mama unavyogeuka mweupe na kukatika maji yakipata moto, na jinsi akina mama wanavyovuta kamba wakakuta ni kamba tupu. Nikaandika kwamba nimeutazama tangu mdogo nikitaka kujua unaumwa nini, na kwamba hiyo ndiyo biolojia ninayoitaka. Nikaandika na habari ya baba kuletewa msiba wake mwenyewe, na alivyomfariji jirani yake. Kalamu haikusimama. Madam aliisoma akilia tena, lakini safari hii alikuwa anatabasamu. "Huyu ndiye ninayemjua," akasema. Barua yake aliiandika ndani ya gari wakirudi.

Baada ya muda chuo kikataka kuniona kwa video. Nikaketi ofisini kwa Madam, nimevaa sweta la shule katika joto lile. Wakauliza habari za mwani, nikajibu mpaka nikasahau kuogopa. Mwishoni mama mmoja mwenye nywele nyeupe akauliza, "Baba yako hajambo?" Nikamwambia hajambo, ila tangu siku ile watu wa Kibuyuni wanamwita Marehemu, na biashara imeongezeka. Walicheka wote.

Na jibu likaja, wapendwa! Wamenichukua! Masomo, chakula, malazi, nauli, vyote! Mama aliposikia alipiga vigelegele mpaka Bi Mwanakombo akatoka analia, tukalazimika kumweleza upya. Mjomba Tsuma naye anatangaza Ukunda nzima kwamba ni kazi yake. Tumemsamehe. Yuko pale mlangoni, amechelewa, mpisheni aketi. Mjomba, nakupenda, lakini barua ya visa nitaandika mwenyewe!

Namshukuru Mungu. Namshukuru Madam Zuhura, ambaye husali msikitini lakini leo ametuma salamu zake. Nawashukuru wazazi wangu, ambao sitawaonea haya tena popote nitakapokwenda.

Na wewe mwanafunzi uliyeketi nyuma, unayeuma kalamu ukidhani maisha yako hayana la kusimulia: usimwongezee Mungu chumvi. Alipokuumba alionja kwanza. Mwamini kwa maisha haya uliyo nayo, hata kama unaona hayajai ukurasa. Na kama kuna anayewaonea haya watu wa nyumbani kwake, aje mbele sasa tumwombee. Aje kama alivyo, hata kama ni kwa ndala, hata kama mikono inanuka mwani. Njooni, ndugu zangu, nafasi ipo. Amina!