Mgonjwa ni Makala Yako

Funga huo mlango, fundi, kisha ukae. Redio ya jirani iache iimbe, mtu hafungwi mdomo nyumbani kwake. Njooni karibu, wanangu. Wewe kifungua mimba wangu kaa upande huu, na wewe mwanafunzi wangu kaa hapo miguuni pangu, usiniambie umepitia tu. Nimechoka na huu mchezo wenu wa kupishana, mmoja akiingia mwenzake anasubiri barabarani mpaka aone gari limeondoka ndipo abishe hodi, kana kwamba mimi ni bafu la nyumba ya kupanga.

Sikilizeni, wala msinikatize, maana pumzi yangu siku hizi ni ya kuazima.

Ya nyumba ni mepesi. Wewe fundi wa majokofu, kitinda mimba wangu, umekaa nami na umenigeuza kitandani bila kununa, basi nyumba ni yako kuitunza, lakini chumba cha dada yako kibaki chumba chake, na asiuze mtu hata mlango maadamu mmoja wenu hana pengine pa kulala. Vitabu wagawane hawa wawili, na ile kamusi kubwa wasiigombanie, mchwa wameshaisoma nusu.

Linalotaka kunitoa roho kabla ya siku yake ni lile toleo.

Mnakumbuka baba yenu alivyolazwa. Daktari alitoka, akavua miwani, akasema, "Mama, tumefanya yote tuliyoweza," nami nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamshukuru, nikakimbilia simu kuwaambia kwamba mambo yamekwenda vizuri, na wewe fundi ukaenda kununua godoro jipya ili mzee akitoka apate pa kulaza mgongo. Godoro lilifika, baba yenu hakufika. Yule daktari hakusema uongo, na mimi si mjinga, nimefundisha lugha mpaka nimestaafu. Lakini neno lilitoka kwake likiwa msiba, likaingia kwangu likiwa shangwe. Nikasema hili haliwezi kuwa la kwangu peke yangu, lazima watu walichunguze: mgonjwa na jamaa zake huambiwaje habari, na husikia nini.

Fundi, wewe hujui mambo ya majarida, nikueleze. Jarida la wasomi huweza kumpa mtu wa nje toleo moja, toleo maalumu, akusanye makala za mada moja, azipeleke kwa wahakiki, yaani wasomi wengine wa kuzipima, kisha azinyooshe, na cheo chake anaitwa mhariri mwalikwa. Mwalikwa! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa kizingitini, kabla sijavua viatu. Aliyenikabidhi ni mhariri mkuu, yule tunayemwita Bwana Tutaangalia kwa kuwa hata ukimsalimia atakwambia tutaangalia. Nilimwandikia pendekezo langu, akasema mada ni pana mno. Nikaibana, akasema sasa imekuwa finyu. Nikamrudishia lile lile la kwanza bila kubadilisha hata nukta, akajibu, "Naam, sasa limekaa."

Tukatoa tangazo la kuita makala. Mwandishi mmoja akaomba muda kwa sababu amefiwa na bibi, na muda ulipokwisha akaomba tena, bibi yule yule. Mhakiki mmoja aliikalia makala mpaka mwenye kuiandika akaolewa, akajifungua, akabadilisha jina, ndipo akatuletea hukumu yake ya maneno mawili: "Si mbaya." Nami nasubiri, nabembeleza, nakumbusha kwa heshima, nakumbusha bila heshima. Subira huvuta heri, lakini wahenga hawakusema ni kwa kamba ndefu namna gani.

Katikati ya hayo ikaja makala ya mkuu wa kitivo.

Tuliipeleka kwa wahakiki wawili wasiojua ni ya nani, kama kazi inavyotaka, na wote wawili wakaikataa. Hapo ndipo maradhi yaliponiangusha. Nikawaita ninyi wawili, mwanangu wa kuzaa na mwanangu wa kufundisha, nikawakabidhi toleo lote, nikasema barua ya kumkatalia mkuu wa kitivo iandikeni kwa adabu, lakini iandikeni.

Basi siku moja huyo bwana akaja kunijulia hali, na machungwa mkononi. Nimelala hapa hapa, na wewe kifungua mimba umesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akasema, "Mama Profesa, nimekuja kukupa pole, na kukushukuru." Nikamwuliza, "Kwa lipi, baba?" Akasema, "Kwa kuipokea makala yangu. Binti yako ameniandikia, kumebaki marekebisho madogo madogo tu."

Kwanza nilidhani ni dawa zinanichezea kichwa. Nikakutazama, mwanangu, nawe ukavitazama vikombe kama unaviona kwa mara ya kwanza. Nikajua.

Nikamwambia, "Bwana Mkuu, makala yako haijakubaliwa."

Akacheka kidogo, vile watu wanavyomchekea mtu aliye kitandani. "Mama, wewe ni mgonjwa, pumzika."

"Mgonjwa ni makala yako," nikamwambia. "Mimi nakufa tu."

Akachukua koti lake akaondoka, na machungwa akayasahau. Nawe ukakaa hapo chini ukalia, ukasema, "Mama, yule ndiye mwenye kamati ya vyeo. Umenimaliza." Siku ile sikukujibu kwa sababu kifua kilinibana. Nakujibu leo, mbele ya wenzako, na usiinamishe kichwa. Najua waliokuja nyuma yako wamepandishwa wewe ukiwapigia makofi. Njaa yako siicheki. Lakini ulimfanyia yule bwana jambo baya kuliko la daktari wa baba yenu, maana daktari hakujua tumesikia nini, na wewe ulijua. Ulimpa neno tamu ilhali ndani kazi yake inakata roho. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo cha makala ni kuchapishwa ikiwa mbovu, kila mtu aisome.

Sasa la pili hamlijui, kwa sababu nilikuwa peke yangu na fundi, na fundi alikuwa uani anaosha nguo. Yule bwana alirudi. Hakuja na matunda; alikuja na makala yake ameikunja kama gazeti, uso umemvimba kwa hasira, akavuta kiti akasema, "Haya, nionyeshe ugonjwa uko wapi." Tukasoma. Nikamwambia, "Baba, umeandika habari za wagonjwa, na humu hamna mgonjwa hata mmoja. Kuna nadharia, kuna majina ya wataalamu yamepangwa kama viatu dukani, lakini hakuna anayekohoa. Wewe mwenyewe umewahi kumwambia mtu habari mbaya?"

Akaikunja upya ile makala, nikadhani amekasirika tena. Kisha akaniambia habari za dada yake mkubwa. Yule dada hakujua lugha ya madaktari, na yeye ndiye aliyekuwa akimtafsiria, kila wakisema hali imezidi, yeye anamgeukia, "Dada, wanasema unaendelea vizuri." Siku za mwisho dada akamwuliza, "Mdogo wangu, mbona huku kuendelea vizuri kunauma hivi?"

Nikamwambia, hiyo ndiyo makala. Nenda kaiandike.

Akafuta uso kwa mkono wa shati, mtu mzima yule, akasema tangu apate ukubwa hakuna aliyewahi kumrudishia kazi; kila anachotuma kinapokelewa siku hiyo hiyo. Alidhani anaheshimiwa, kumbe hasomwi. Habari ya cheo chako hakuitaja, nami sikumwuliza, na usinitazame hivyo, sikuweza kuchanganya mambo hayo mawili hata kwa ajili yako.

Wewe mwanafunzi wangu, usijione umetoka safi. Ulipogundua alichofanya mwenzako ulikuwa na haki ya kuondoa jina lako, lakini uliliondoa kwa barua pepe, na nakala ukampelekea Bwana Tutaangalia. Ufa wa nyumbani ukaenda kuuonyesha kwa jirani kabla ya kutafuta udongo. Umekula hapa, umelala hapa, ukashindwa kuja kumwambia dada yako, "Umekosea"? Neno moja tu. Mnafundisha mawasiliano ninyi! Mnanichosha, Mungu anajua, mnanichosha kuliko haya maradhi.

Niinulie mto, fundi. Hapo. Basi.

Shikeni haya. Jina la mwanafunzi wangu lirudi kwenye toleo. Mwanangu, umwandikie mkuu wa kitivo barua ya kweli kwa mkono wako, hata kama ameshayajua kutoka kwangu. Makala yake mpya ikifika kwa wakati, iende kwa wahakiki wale wale, jina limefunikwa. Ikichelewa, toleo liende bila yake. Msiniwekee picha, wala msiandike kwa kumbukumbu ya nani; marehemu hahariri. Dibaji iwe fupi. Bwana Tutaangalia nimemsamehe, aje kuzika pamoja na watu, ila akiomba kuhutubia, mwambieni tutaangalia.

Msicheke, mtanichekesha, na kucheka kunaniuma.

Na daktari akija... asizungumze nanyi kule barazani. Mwiteni ndani. Aseme hapa, nisikie, kwa maneno ya watu.

Nipe maji. Kidogo... imetosha.

Mungu awape kazi mtakayoweza kuisoma mbele ya watu bila kumeza mate. Awape mtu wa kuwaambia mmekosea, na masikio ya kumsikia. Fundi wangu, akupe... akupe mke mwenye subira, kwa hizo nyaya zako sebuleni. Ninyi wawili, radhi yangu mnayo. Wote wawili, sawasawa. Sikuzaa mmoja.

Pumzi inakwisha. Maisha yangu yote nimesema mimi, na watu wakaandika. Sasa semeni ninyi, mimi nitasikiliza.

Anza wewe, kifungua mimba. La, usinitazame mimi... Mtazame yeye.